Kila kiashiria na mahali pake pa kugeukia

Wengi wanaojifunza viashiria, yaani rangi zinazogeuka zikikutana na asidi au besi, huanza na litmasi, na litmasi ndiyo inayowapotosha. Hufundishwa kwa sentensi mbili tu: asidi huifanya nyekundu, besi huifanya buluu. Sentensi zenyewe ni za kweli, ila mwanafunzi huzibeba na kuzipachika kwenye kila kiashiria atakachokutana nacho baadaye. Mpe maji safi ya kunywa, atie matone mawili ya methili oranji. Maji yatakuwa ya njano, naye ataandika "besi". Maji yale si besi hata kidogo. Methili oranji huwa njano ndani ya kitu chochote chenye pH (kipimo cha asidi na besi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi) inayozidi 4.4: maji, maziwa, chai ya rangi, hata maji ya mvua, ambayo kusema kweli ni asidi kidogo (pH 5.6 hivi) kwa sababu yamemeza kaboni dioksidi ya hewani.

Swali ambalo kiashiria hulijibu ni dogo kuliko linavyodhaniwa. Kinakwambia kama myeyusho uko chini au juu ya pH fulani, basi. Hiyo pH fulani kila kiashiria kina yake, na mara nyingi haiko karibu na 7.

Sababu ni kwamba kiashiria chenyewe ni asidi dhaifu (au besi dhaifu) ambayo ina rangi moja ikiwa imeshika ioni yake ya haidrojeni, na rangi nyingine ikiwa imeiachia. Kwenye asidi kali ioni za haidrojeni zimejaa tele, kwa hiyo molekuli za kiashiria zinabaki zimeshika zao. Ukiongeza besi, ioni zinapungua, na kiashiria kinaanza kuachia. Kuna pH moja ambapo nusu ya molekuli zimeachia na nusu bado, na hapo jicho linaona mchanganyiko wa rangi mbili. Jicho la kawaida huona rangi moja tupu pale upande mmoja unapouzidi mwingine kama mara 10. Kwa kuwa kila hatua moja ya pH ni mara 10, kiashiria cha kawaida huhitaji takriban hatua mbili za pH kugeuka kutoka rangi kamili hadi rangi kamili. Ndiyo maana vitabu huandika masafa, havitaji namba moja.

Hilo la mara 10 wengi hulipita haraka. Mizani ya pH, iliyobuniwa na Mdenmaki S. P. L. Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, ni ya logi. Myeyusho wa pH 3 na ule wa pH 6 hawapishani "kidogo": ioni za haidrojeni zimepishana mara 1000.

Haya ndiyo masafa yanayofaa kukaa kichwani. Methili oranji hugeuka kati ya 3.1 na 4.4, nyekundu kwenda njano. Bromothimoli ya buluu hugeuka kati ya 6.0 na 7.6, njano kwenda buluu, ikipitia kijani. Litmasi ni pana na ya kivivu, takriban 5 hadi 8, na kwa sababu hiyo haifai kabisa kwa titresheni (kupima kiasi cha asidi au besi kwa kuidondoshea nyingine hadi zitoshane) ingawa karatasi yake ni nzuri kwa kupima haraka. Fenolfthaleini haina rangi chini ya 8.2 na huwa ya waridi iliyokolea ikifika 10. Ukiwa na hizo nne, tayari unaweza kubana pH ya kitu kwa makadirio mazuri. Kikiwa njano kwenye methili oranji na njano pia kwenye bromothimoli, kiko kati ya 4.4 na 6. Kikiwa buluu kwenye bromothimoli lakini fenolfthaleini haijatoa rangi, kiko kati ya 7.6 na 8.2 hivi. Kiashiria kimoja peke yake hakiwezi kukupa hayo.

Litmasi, kwa kupitia tu, hutokana na kuvumwani, vile viumbe vya kijivu, kuvu na mwani vilivyoungana, vinavyong'ang'ania magome na miamba karibu na bahari. Kuvumwani wa jamii hiyohiyo alisafirishwa kwenda Ulaya kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki kupitia Zanzibar katika karne ya 19, kwa ajili ya rangi ya vitambaa. Wanafunzi wa pwani wanaoagiziwa karatasi za litmasi kutoka ng'ambo wangefurahi kulijua hilo.

Viashiria vya jikoni, na kwa nini vinashindwa

Choya kavu (rosella) ndiyo rahisi kupatikana sokoni, na ni nzuri kuliko watu wanavyoipa sifa. Gramu 10 za choya, mililita 100 za maji ya moto, dakika 15, chuja. Rangi yake inatoka kwenye anthosianini, kundi la rangi lililomo pia kwenye kabichi ya zambarau. Kwenye ndimu au siki inabaki nyekundu angavu. Kadiri pH inavyopanda kuelekea 5 na 6 rangi inapauka, na mtu asiyejua hudhani kiashiria kimekufa. Hakijafa: molekuli zimehamia umbo lisilo na rangi. Ukivuka 7 rangi inarudi ikiwa ya zambarau au buluu chafu, kisha kijani kwenye magadi, na kwenye kostiki (haidroksidi ya sodiamu) inaishia njano. Ile njano ya kwenye kostiki ni ya kuharibika, hairudi nyekundu vizuri hata ukitia asidi tena.

Tatizo la choya halizungumzwi sana. Yenyewe ni chachu mno, ina asidi ya sitriki na nyinginezo, kiasi kwamba maji yake hukaa karibu na pH 2.5. Ukimimina kijiko kizima cha choya ndani ya kijiko kimoja cha myeyusho hafifu wa besi, kiashiria kitaimeza besi kabla hakijakuonyesha chochote, nawe utaandika kwamba ulichopima ni asidi. Tumia matone 3 kwa mililita 5 za sampuli, si zaidi. Kabichi ya zambarau haina kasoro hii kwa kiwango hicho, na ndiyo maana inapendwa, ila nje ya miji mikubwa kuipata ni kazi.

Sufuria nayo ina lake. Anthosianini za aina hii hushikana na alumini na kutoa buluu ambayo haina uhusiano wowote na pH. Ukichemshia kabichi au choya kwenye sufuria ya alumini iliyochunika, rangi huanza kwenda zambarau au buluu kabla hujatia chochote. Tumia bakuli la kioo, kauri, enameli isiyobanduka au chuma kisichoshika kutu. Maji pia yachague: ya bomba la mahali penye maji magumu, au ya kisima, yana bikaboneti ya kutosha kuisogeza kabichi kwenda buluu. Maji ya mvua yaliyochujwa yanatosha kwa kazi hii.

Wanaotengeneza karatasi za kupimia kwa choya au kabichi hukwama kwenye karatasi yenyewe. Karatasi nyeupe ya kuchapishia siku hizi mara nyingi hujazwa kalsiamu kaboneti, yaani chokaa laini, na chokaa ni besi. Chovya kipande chake kwenye maji ya kabichi, utakitoa kina ubuluu au ukijani kabla ya kukigusisha kitu. Tumia karatasi ya kuchujia ya maabara au ile ya kuchujia kahawa. Chovya, ning'iniza kivulini, rudia mara mbili ili rangi ikolee, kisha hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Jua huipausha kwa siku chache.

Manjano (bizari) ni kiashiria cha upande mmoja. Rangi yake, kakumini, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo koroga kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 50 za spiriti, mbali na moto, acha itulie, kisha mimina juu juu. Chini ya 7.4 ni njano, juu ya 8.6 ni nyekundu ya kahawia. Kila anayefua doa la mchuzi kwa sabuni ya kipande amekwisha kuuona mgeuko huo: doa linakuwa jekundu, na likisuuzwa vizuri au likitiwa ndimu linarudi njano. Lakini manjano hayawezi kutofautisha maji na siki. Yote mawili ni njano.

Bogonvilia ndiyo inayochumwa na shule nyingi kwa sababu imejaa kwenye ua, na ndiyo mbaya kuliko zote. Wekundu wake hautokani na anthosianini, unatokana na betalaini, kama ule wa bitiruti. Betalaini hukaa karibu na rangi ileile kutoka pH 3 hadi 7, kwa hiyo siki, soda ya chupa na maji vyote vitafanana. Hugeuka njano kwenye besi kali tu, na hapo ni kwa sababu molekuli imevunjika. Kama somo ni viashiria, iacheni bogonvilia ipambe ua. Haibiskasi nyekundu ya bustanini, iliyo jirani yake mara nyingi, inafaa zaidi.

Kuna mtego mmoja unaozikumba zote, za jikoni na za maabara: dawa ya kupaushia nguo. Ni besi, lakini ina hipokloriti inayoua rangi. Litmasi hugeuka buluu kwa sekunde kadhaa kisha inakuwa nyeupe. Soma rangi ya kwanza, iliyobaki si taarifa ya pH. Na kitu kikavu hakipimwi kwa karatasi kavu. Fuwele za asidi ya sitriki hazifanyi lolote kwenye litmasi kavu, kwa kuwa bila maji hakuna ioni zinazotembea. Lowesha karatasi kwanza.

Kwenye titresheni

Hapa ndipo uchaguzi wa kiashiria unapoanza kugharimu alama. Karatasi za mtihani Tanzania huandika MO kwa methili oranji na POP kwa fenolfthaleini, na watahiniwa wengi huzichukua kana kwamba ni chupa mbili za dawa moja.

Ikiwa ni asidi kali kwa besi kali, wamesalimika. Chukua mililita 25 za haidroksidi ya sodiamu ya molari 0.1 (yaani moli 0.1 kwa lita; moli ni kipimo cha idadi ya molekuli), uzidondoshee asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1. Tone moja la bureti (mrija wenye vipimo na koki ya kudondoshea) ni kama mililita 0.05. Tone moja kabla ya asidi kutoshana na besi, pH iko 10. Tone moja baada yake, iko 4. Mruko wote huo ndani ya matone mawili! Kiashiria chochote kinachogeukia kati ya 4 na 10 kitakupa jibu moja, na MO inayogeukia ukingoni mwa chini itakosea kwa tone moja tu.

Siki ni habari nyingine. Asidi ya asetiki ni dhaifu, inaachia ioni zake kwa ubahili. Pima mililita 10 za siki ya asilimia 5, ongeza maji yaliyosafishwa hadi mililita 100, chukua mililita 25 za hayo uweke kwenye chupa ya koni, na jaza bureti kwa haidroksidi ya sodiamu ya molari 0.1. Kwa fenolfthaleini utafika mwisho karibu na mililita 20.8. Kwa methili oranji rangi itakuwa njano tupu karibu na mililita 6, na utaandika kwamba muuza siki ni mwizi. Kosa haliko kwenye siki wala kwenye hesabu. pH ya mwisho wa kweli hapa ni karibu 8.7, kwa sababu asetati inayobaki ni besi dhaifu, na MO ilishamaliza kugeuka kwenye 4.4, wakati asidi kama asilimia 70 ilikuwa bado haijaguswa. Amonia kwa asidi kali ni kinyume chake: mwisho uko karibu na 5, MO inafaa, POP inapauka mapema. Asidi dhaifu kwa besi dhaifu haina mruko wa kutosha, na hakuna kiashiria kitakachokusaidia.

Matone 2 au 3 yanatosha. Anayemimina kwa kuwa "rangi haionekani" anasahau kwamba kiashiria ni asidi au besi na kinadai sehemu yake. Fenolfthaleini huandaliwa kwa gramu 1 ndani ya mililita 100 za ethanoli yenye maji kidogo. Haipendi maji, kwa hiyo ukiitia kwa wingi inatoa weupe kama wa maziwa, na weupe huo huficha waridi ya mwanzo. Methili oranji huyeyuka kwenye maji, gramu 0.1 kwa mililita 100.

Waridi ya POP ikikaa sekunde 30 huku ukizungusha chupa, umefika. Ikifutika baada ya dakika mbili usiongeze tone: ni kaboni dioksidi ya hewani inaingia. Na ikiwa sampuli ni kostiki nzito, pH 13 na kuendelea, waridi yenyewe hupauka taratibu hadi kutoweka, jambo linalowafanya watu waseme kiashiria kimeharibika. Punguza ukali kwa maji kwanza.

MO ni ngumu kwa macho. Simama kwenye rangi ya chungwa, usingoje nyekundu. Weka karatasi nyeupe chini ya chupa, na kando yake chupa nyingine yenye maji na matone yaleyale ya MO iwe ya kulinganishia njano. Mwanafunzi asiyetofautisha nyekundu na kijani asilazimishwe: bromofenoli ya buluu hugeuka 3.0 hadi 4.6, njano kwenda buluu ya zambarau, na inafanya kazi ileile.

Magadi: viashiria viwili kwenye chupa moja

Jaribio zuri kuliko yote ya kiwango hiki liko dukani, kwenye magadi. Mawe ya magadi, yale yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, ni trona: molekuli ya sodiamu kaboneti, ya sodiamu bikaboneti na mbili za maji, zimeungana kwenye fuwele moja. Moli moja ni gramu 226.

Ponda magadi, pima gramu 2.26, yeyusha kwa maji ya baridi. Si ya moto: joto hufukuza kaboni dioksidi na kugeuza bikaboneti kuwa kaboneti, na jaribio lote linategemea uwiano wa hivyo viwili. Chuja mchanga, suuza karatasi ya kuchujia kwa maji kidogo, kisha jaza hadi mililita 250. Chukua mililita 25, tia matone 2 ya fenolfthaleini. Itakuwa waridi. Kwenye bureti weka asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1.

Dondosha polepole, ukizungusha muda wote. Kinachotokea kwanza ni kaboneti kupokea ioni moja ya haidrojeni na kuwa bikaboneti, na hilo likiisha pH iko karibu na 8.3, pale hasa ambapo POP inapoteza rangi. Kwa trona safi ni mililita 10.0. Usiijaze bureti upya. Tia matone 2 ya methili oranji kwenye chupa ileile, itakuwa njano, endelea. Sasa bikaboneti yote inageuka kaboni dioksidi na maji: ile iliyotokana na kaboneti pamoja na ile iliyokuwemo tangu mwanzo. MO itageuka chungwa bureti ikisoma mililita 30.0. Moja kwa tatu.

Ukimwaga asidi kwa pupa hatua ya kwanza, asidi inalimbikizana pale inapoangukia, kaboni dioksidi inatoka kwa mapovu kabla ya wakati, na usomaji wa POP unakuwa mkubwa kuliko unavyostahili. Jumla ya MO haibadiliki. Kwa hiyo ukiona mapovu waridi ikiwa bado ipo, mwaga, anza upya.

Uwiano ndio unaokutambulishia kilichomo chupani. Hamira ya magadi, yaani sodiamu bikaboneti tupu, haipaki POP rangi ya maana na yote inasomwa na MO. Kaboneti tupu ni moja kwa mbili. Zidisha usomaji wa POP kwa mbili, toa kwenye jumla: kinachobaki ni mililita za bikaboneti ya asili. Jibu likiwa hasi, ndani kuna kostiki. Magadi yaliyochomwa huelekea moja kwa mbili, kwa kuwa trona ikipashwa moto sana huachia maji na kaboni dioksidi na kubaki kaboneti, njia ileile inayotumika kiwandani kutengenezea soda ya viwandani, yaani sodiamu kaboneti.

Chumvi ya kawaida haigusi kiashiria chochote kati ya hivi, kwa hiyo haisogezi uwiano, inashusha namba zote mbili kwa pamoja. Gramu zako 2.26 zikisoma 8.0 na 24.0, uwiano bado ni moja kwa tatu: trona ni asilimia 80, na ile 20 ni chumvi, mchanga uliobaki kwenye chujio, na unyevu. Zikisoma 10.0 na 24.0, bikaboneti ni mililita 4 tu badala ya 10, na hapo uliza magadi hayo yalichomwa wapi, au nani aliyeyusha kwa maji ya moto.